Hina, piko, mkorogo na dawa ya nywele: maswali na majibu kwa bi harusi

Tangu siku ya kusingwa hadi usiku wa kupambwa, mwili wa bi harusi hupita mikono mingi, na kila mkono una dawa yake. Mengi ni mema na ni raha. Machache huumiza, tena wakati mbaya kuliko wote. Haya ni baadhi ya maswali ambayo maharusi wa pwani na mama zao huuliza.

Nataka maua meusi tii mikononi. Piko ina ubaya gani, mbona mama na shangazi zangu walipakwa wasidhurike?

Hina na piko ni vitu viwili tofauti, ingawa huchorwa na mtu mmoja kwenye mkeka mmoja. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Ukiibandua huacha rangi ya chungwa, kisha baada ya siku moja au mbili huiva ikawa kahawia au damu ya mzee. Majani matupu hayatoi weusi wa mkaa.

Piko ni rangi nyeusi ya nywele, unga unaokorogwa kwa maji au kwa peroksaidi. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye boksi huandikwa kwa kifupi PPD. Hata kwenye nywele ina kipimo: sheria za Umoja wa Ulaya zinataka isizidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, kisha inaoshwa. Kuipaka moja kwa moja kwenye ngozi hairuhusiwi huko, wala Marekani. Mchoraji wetu hapimi. Anakoroga kwa macho mpaka uzito umridhishe, halafu piko inaachwa ikaukie mkononi.

Kuhusu mama na shangazi zako, ni kweli wengi hupona salama. Lakini mzio hauandikwi usoni. Hakuna mchoraji anayeweza kukutazama akajua kama ngozi yako itakubali au itakataa.

Mimi nimeshapakwa piko Idi mbili na sikuona kitu. Basi niko salama?

Hapana, dada. Mzio wa PPD hujengeka. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza, ilhali kinga imeshaitambua ile kemikali. Ukipakwa tena, ngozi huweza kujibu ndani ya siku moja hadi tatu: kwanza kuwasha, kisha wekundu, kisha malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua na jani kwa jani. Yakikauka yanaweza kuacha alama nyeupe au nyeusi kwa miezi, pengine kovu la kudumu.

Na mzio huo kwa kawaida hauondoki. Mtu aliyeungua kwa piko akiwa msichana anaweza kupaka rangi ya kuficha mvi miaka mingi baadaye, akaamka uso umevimba na macho hayafunguki. Kwa hiyo usijaribishe hata nukta moja ya piko ili uone itakuwaje. Mwambie mchoraji mapema kwamba unataka hina ya majani, na umwone akiikoroga.

Imeshatokea. Mikono inawasha, imetoka malengelenge, na harusi ni keshokutwa.

Osha kwa sabuni na maji mengi. Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Usitumbue malengelenge, usipake dawa ya meno, ndimu wala hina nyingine juu yake ili kuficha. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuna krimu na vidonge vinavyotuliza, lakini vipimo vyake ni vya daktari kuamua. Midomo au kope zikivimba, au pumzi ikibana, hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali. Mikono mtaificha kwa glovu za harusi, na hakuna mgeni atakayeuliza.

Hina halisi haina madhara kabisa?

Kwa watu wazima wengi haina shida. Tahadhari kubwa ni kwa watoto wachanga na wadogo wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali inayoonekana sana kwenye maeneo ya malaria kama pwani yetu. Kwao hina inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, mtoto akawa wa manjano na mkojo ukawa mweusi. Katika shamrashamra za harusi watoto nao hunyoosha mikono. Kama katika familia kuna mwenye hali hiyo, wasipakwe.

Dawa ya nywele niweke lini?

Wiki mbili kabla, wala si mkesha wa harusi. Dawa ya kulainisha nywele ni kali kiasi cha kuunguza, na kichwa kilichokunwa au kilichofumuliwa rasta jana tayari kina vidonda vidogo usivyoviona. Fumua, acha siku kadhaa bila kujikuna, ndipo uweke. Usiweke dawa na rangi siku moja. Msusi akisema vumilia kidogo wakati kichwa kinawaka, muombe aioshe papo hapo.

Kuhusu kusuka kwa ajili ya shela au wigi: ukihitaji panadoli ili upate usingizi, nywele zimebana mno. Vipele vidogo kwenye paji la uso ni dalili kwamba mizizi inavutwa. Hali hiyo ikirudiwa rudiwa, nywele za mbele hukatika zisirudi.

Shoga zangu wanasema wiki tatu za mkorogo zitanitakatisha.

Usikubali. Krimu nyingi za kujichubua zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na mkorogo huchanganya hizo bila kipimo. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo, na ikiwa utapata mimba mapema baada ya harusi, humfikia mtoto. Steroidi hukondesha ngozi: uso unang'aa wiki za mwanzo, kisha vinatoka chunusi na vinyweleo, na ukiacha ghafla uso unawaka. Kama una mabaka au chunusi, muone daktari wa ngozi miezi mitatu kabla. Rangi uliyozaliwa nayo ndiyo atakayoiona mumeo asubuhi zote zinazofuata.

Singo na liwa je?

Fanya, na ufurahie. Ila singo isisuguliwe kwenye ngozi iliyonyolewa siku hiyo hiyo, wala juu ya vipele. Na ndimu usijipake usoni ukatoka juani: maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi.

Kungwi ameniletea shabu na ndimu za kujisafisha ukeni.

Mshukuru kwa heshima, lakini usitumie. Uke hujisafisha wenyewe. Shabu na ndimu hukausha na kuchubua, na michubuko hiyo huongeza maumivu usiku wa kwanza na kufungua njia ya maambukizi, pamoja na ya VVU. Nje, maji safi yanatosha.

Nina pumu, na nitafukizwa udi.

Waambie wafukize nguo na shela mapema, chumba chenye madirisha wazi, wewe ukiwa chumba kingine, na uzivae moshi ukishatulia. Dawa yako ya kuvuta mkabidhi msimamizi wako aiweke mkobani mwake, maana gauni la harusi halina mfuko.