Rampu si simiti ya kumwaga tu

Juzi nimeitwa nikaangalie rampu mpya ya ofisi moja hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kufika namkuta mzee kwenye wilchea, vijana wawili wamsukuma nyuma na mmoja yuko mbele anavuta, na bado kiti kinarudi. Mzee akanitazama: "Mwanangu, hii mumewajengea punda?" Nikatoa futi kamba. Kimo sentimita 42, urefu mita moja na nusu basi. Hata punda angefikiria mara mbili.

Hesabu yenyewe si ngumu jamani. Kila sentimita moja ya kwenda juu inataka 12 za kwenda mbele, kwa hiyo 42 yataka mita 5 na kidogo. Ukishapanda sentimita 76 uweke sehemu tambarare ya mita moja na nusu mtu apumue, ndio uendelee. Mimi natumia vipimo vya Marekani vya 2010 vya majengo ya kufikika na walemavu kwa sababu vimeandikwa mpaka bwawa la kuogelea na viti vya uwanjani, na sisi kwetu Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 54 imeshasema mlemavu ana haki ya kufika kila mahali, ila katiba haimshikii fundi bomba la levo la kupimia usawa.

Sasa shida ya Amu ni vichochoro. Vingine ukinyoosha mikono wagusa kuta zote mbili, rampu ya mita 5 ukiitoa nje umefunga njia ya mtaa mzima. Itabidi iingie ndani, ianzie kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni, na ikate kona uani. Na tafadhali msiniambie "apitie mlango wa nyuma", nyuma ndiko yanakotoka mataka.

Halafu milango yetu ya kuchonga. Kiti kinataka sentimita 81 wazi, bawa moja halifiki, kwa hiyo mabawa yote mawili yafunguliwe asubuhi na yabaki hivyo, sio mpaka mtu agonge hodi. Kizingiti usikikate kwa msumeno! Mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na hata usingekuwepo ni haramu kukikata. Chonga kabari mbili za mbao, moja ndani moja nje, za kuwekwa na kuondolewa, kazi ya nusu siku.

Panaponiumiza kichwa kwa kweli ni kwenye gati. Wakati wa bamvu, yale maji makuu ya bahari, maji yanapanda na kushuka kama mita 3, yakipwa ngazi zina mwani zinateleza na bibi anashushwa mgongoni kama gunia la mchele. Gati la kuelea lenye daraja la bawaba lingesaidia, lakini kwa moja kwa 12 daraja hilo ni mita 36! Hata Wamarekani hapo wamelegeza, daraja likifika futi 80, yaani mita 24 hivi, mteremko ukizidi wanakubali. Kwa mita 3 zetu hiyo ni moja kwa 8, inapandika ukiwa na mtu wa kukusukuma, na ni mara mia kuliko mgongo wa hamali.

Ile ofisi nimewachorea, rampu ianzie pale palipo na baraza ya kushoto, baraza ivunjwe. Wamekaa kikao saa nzima, wakanipigia simu kuniuliza sasa askari atakuwa akikaa wapi.