Je, wajua? Jinsi gauni la Kipalestina lilivyotaja kijiji cha aliyelivaa

Kabla ya 1948, mwanamke wa shamba akiingia sokoni Jerusalem hakuwa na haja ya kutaja kwao. Gauni lilikuwa limeshamtajia. Mwenye jicho lililozoea angetazama kitambaa, akatazama kifua, akashusha macho hadi pindo la nyuma, akajua: huyu katoka Ramallah, yule ni wa Beit Dajan karibu na Jaffa, na yule mwenye nyuzi za dhahabu kifuani amevaa kazi ya Bethlehem. Nchi yenyewe ni ndogo na lugha ni moja. Ilikuwaje basi nguo za wanawake zikatofautiana kijiji kwa kijiji?

Gauni hilo refu lenye mikono mirefu Wapalestina huliita thobe, na kazi ya kulipamba kwa sindano ni tatrizi. Neno hilo lina ndugu kwetu. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa "tarizi", kwa hiyo anayekaa barazani Lamu au Unguja akipiga sindano kwenye kofia, na bibi wa Hebron aliyeinamia gauni lake, kazi yao ina jina moja.

Mishono mingi ya tatrizi ni midogo sana, kila mmoja ukiwa nyuzi mbili zinazokatana kama alama ya kuzidisha. Mwenye kudarizi hachori chochote. Anahesabu nyuzi za kitambaa chenyewe: mbili kwenda juu, mbili pembeni, sindano inazama, inaibuka, alama moja imekamilika. Akikosea kwa uzi mmoja tu, kosa linamfuata mpaka mwisho wa mstari, na pambo la kulia halikutani na la kushoto. Hapo hana budi kufumua. Vitambaa vya zamani vya pamba na kitani vilifumwa kwa mkono, nyuzi zake zikaonekana kwa macho, ndiyo maana kuhesabu kuliwezekana. Siku hizi, kitambaa kikiwa laini mno, hushikizwa juu yake kingine chenye matundu. Mtu hudarizi kupitia matundu hayo, halafu huchomoa uzi mmoja mmoja wa kile cha juu, na pambo likabaki limekaa kwenye gauni. Thobe moja ya sherehe hula miezi. Ndiyo sababu kipande cha kifua, kiitwacho qabbeh, hakikutupwa gauni likichakaa. Kilibanduliwa kizima kikashonewa kwenye gauni jipya.

Sasa turudi kwenye swali. Msichana alifundishwa na mama, shangazi na bibi tangu angali mdogo, na kabla hajaolewa alikuwa ameshajidarizia nguo za kwenda nazo kwa mume. Hapakuwa na kitabu cha mapambo. Alichoiga ni gauni la mama yake na magauni ya majirani, na kwa kuwa watu wengi waliolewa papo hapo kijijini au kijiji cha jirani, pambo nalo halikwenda mbali. Lilikaa likakomaa, likawa na jina. Aliyeolewa mbali aliondoka na mishono ya kwao, akachanganya na ya ukweni, na anayejua kusoma mishono aliona yote mawili kwenye nguo moja.

Na mishono iliiga kilichokuwa mbele ya macho. Beit Dajan ilizungukwa na michungwa, ile iliyoifanya Jaffa ijulikane duniani, na kandokando ya mashamba ilipandwa miberoshi mirefu na myembamba ya kukinga upepo. Basi magauni ya Beit Dajan yakajaa maua ya michungwa, na miberoshi imejipanga kama ilivyosimama shambani. Ramallah walipenda kitani cheupe na hariri nyekundu, na mtende ulikuwa miongoni mwa mapambo yao. Upande wa Hebron kuna pambo la "mahema ya Pasha", yaani ya mkubwa wa Kituruki, kumbukumbu ya enzi za utawala wa Waturuki. Bethlehem walikuwa na ufundi wao peke yao: kamba nyembamba za dhahabu, fedha au hariri hulazwa juu ya kitambaa, zikazungushwa maua na duara, kisha zikashikizwa kwa mishono midogo. Vifua vya Bethlehem vilisifika hata mabibi arusi wa vijiji vingine wakaviagiza.

Kitambaa nacho kilisema. Huko Majdal, pwani kaskazini ya Gaza, wafumaji walikuwa wanaume, na kitambaa chao kimoja cha rangi ya nili kilikuwa na mistari ya kijani na nyekundu. Jina lake ni janna wa nar, yaani pepo na moto. Mswahili yeyote anaelewa jina hilo bila mkalimani.

Wabedui wa kusini waliongeza lugha ya rangi. Kwao nyekundu ilikuwa ya mwanamke mwenye mume, bluu ya mjane au ambaye hajaolewa. Wingi wa mishono nao ulieleza hali ya nyumbani, maana hariri ilikuwa ghali.

Isidhaniwe kwamba haya yalikuwa mambo ya kuganda. Kuanzia miaka ya 1930 nyuzi za pamba kutoka Ufaransa zilienea pamoja na vitabu vya mapambo ya Ulaya, na ndege na mawaridi yakaingia kwenye thobe. Wapo wanaosikitika kwamba huo ulikuwa mwanzo wa kuharibika. Mimi sioni hivyo. Wanawake walichukua walichokipenda, wakakitia mahali pake, wakaendelea.

Kilichokata mambo ni 1948, mwaka ambao Wapalestina huuita Nakba, maafa. Katika vita vilivyoandamana na kuundwa kwa Israeli, zaidi ya watu 700,000 walifukuzwa au walikimbia, wakazuiwa kurudi, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila watu wake, vingi vilibomolewa. Beit Dajan iliondokewa na watu wake Aprili mwaka huo. Majdal ilitekwa baadaye, na waliobaki walihamishiwa Gaza kufikia 1950, nao wakasimika mitambo yao ya kufumia huko. Mji wenyewe leo ni Ashkelon.

Fikiria basi hali ilivyokuwa kwenye kambi za wakimbizi. Wanawake wa vijiji kadhaa ambavyo zamani vilijuana kwa nguo tu, sasa wanapanga foleni moja ya maji. Hariri hakuna. Zipo thobe za miaka hiyo zilizotiwa viraka vya magunia ya unga wa msaada. Mapambo ya Hebron, Ramallah na Jaffa yakaanza kukutana kwenye gauni moja, na kufikia miaka ya 1960 ukazuka mtindo mpya wenye safu sita za mapambo zinazoshuka kutoka kiunoni. Gauni hilo halikutaja kijiji tena. Lilisema tu kwamba mimi ni Mpalestina. Na wengi walidarizi kwa ajili ya kula: mashirika kama Inaash, lililoanzishwa Lebanon mwaka 1969, yaliwapa wanawake wa kambini kazi na malipo.

Kisha ikaja bendera. Israeli ilipoikalia Gaza na Ukingo wa Magharibi mwaka 1967, ilipiga marufuku kupeperusha bendera ya Palestina. Intifada, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya ukaliaji huo, ilipoanza Desemba 1987 katika kambi ya Jabalia huko Gaza, wanawake waliitia bendera hiyo kwenye magauni yao: nyeusi, nyeupe, kijani na nyekundu, kwa mishono ileile waliyofundishwa na bibi zao. Wakadarizi na ramani ya nchi, na Kuba la Mwamba la Jerusalem, na neno Palestina kwa herufi kubwa. Magauni hayo yalishonwa majumbani na kuvaliwa hadharani.

Mwaka 2019, Rashida Tlaib, Mmarekani mwenye asili ya Palestina, aliapishwa kuwa mbunge wa Marekani akiwa amevaa thobe. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza tatrizi kwenye orodha ya urithi wa wanadamu. Ni heshima inayostahili. Lakini kinachonishika mimi ni kile kipande cha kifua kinachobanduliwa. Ziko thobe zilizoshonwa kambini, kitambaa cha dukani, mikono iliyoshonwa kwa mashine, na kifuani mwake pamekaa qabbeh ya kijiji kisichokuwepo tena, hariri yake imefifia kidogo, kila mshono ukiwa mahali pake kama ulivyohesabiwa.