Ubora wa Maisha: Marekani na Japani

Ubora wa maisha si jina jingine la utajiri. Kiwango cha maisha hupima kile ambacho kipato cha mtu kinaweza kununua, ilhali ubora wa maisha huuliza pia kama mtu huyo ana afya, ana usalama, ana muda wa kukaa na watu wake, na kama maradhi ya ghafla yanaweza kumfilisi. Tofauti hiyo hudhihirika zaidi zinapolinganishwa nchi mbili zilizokwisha kuendelea, ambako maji ya bomba na umeme havina tena mjadala.

Mwaka 2023 pato la taifa kwa kila mtu lilizidi dola 80,000 nchini Marekani, na Japani lilikuwa takribani dola 34,000. Sehemu ya pengo hilo imetokana na kushuka kwa thamani ya yeni, sarafu ya Japani, na ndiyo sababu wachumi hurekebisha takwimu kwa kuzingatia bei za kila nchi. Baada ya marekebisho hayo pengo hupungua sana, ingawa Marekani hubaki mbele.

Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa Japani mwaka 2023 alitarajiwa kuishi takribani miaka 84, na wa Marekani takribani 78. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote, kwa kuwa miaka hiyo sita hainunuliki kwa mshahara. Japani imekuwa na bima ya afya kwa wote tangu mwaka 1961. Mtu mzima wa kawaida hulipia asilimia 30 ya matibabu, tena malipo yake ya mwezi yana kikomo. Nchini Marekani, bima ya serikali kwa wazee ilianzishwa mwaka 1965, lakini walio wengi chini ya umri wa miaka 65 hutegemea bima ya mwajiri, hivyo anayeachishwa kazi huweza kupoteza mshahara na matibabu kwa pamoja. Haki itendeke, hospitali si sababu pekee: vifo vya bunduki, vya dawa za kulevya na vya barabarani huwapunguzia Wamarekani umri, hasa vijana.

Upande wa muda wa kupumzika, hakuna nchi kati ya hizi mbili inayostahili sifa kamili. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Japani huitoa kisheria, lakini wafanyakazi wengi huiacha bila kuitumia, na lugha yao ina neno maalumu, karoshi, kwa kifo kinachosababishwa na kazi kupita kiasi. Mwaka 2014 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukabiliana na vifo hivyo, na tangu mwaka 2019 saa za ziada zimewekewa ukomo wa kawaida wa 45 kwa mwezi.