Mwarobaini, jua la Arusha na mabaki ya dawa kwenye maji

"Maji nachemsha, dawa itatoka wapi?" Husemwa sana mjini Arusha. Moto huua vijidudu, lakini karbamazepini, dawa ya kifafa, haijali sufuria. Hata mitambo mingi ya majitaka huipitisha karibu ilivyoingia. Ndiyo maana watafiti wanahangaika na vichocheo vya mwanga: unga wa zinki oksaidi au titani dioksaidi ambao, ukipigwa na mwanga, huzalisha viini vikali vya oksijeni vinavyokatakata molekuli ya dawa.

Hapo ndipo inapozuka dhana ninayoisikia zaidi: kichocheo kikitengenezwa kwa mwarobaini au maganda ya ndizi, basi ni kama mitishamba, hakina madhara. Si kweli. Maji ya majani yana polifenoli, kemikali asilia za mimea, zinazozishika chembechembe za unga zisishikamane, hivyo unapunguza kemikali kali za maabara. Faida ni hiyo, na si ndogo. Ila chumvi ya zinki bado umeinunua, na mara nyingi tope linalotokana na mchanganyiko huo huokwa kwenye tanuru kwa nyuzi 400 au 500. (Ukiona neno "kijani", uliza umeme wa tanuru umetoka wapi.) Kinachobaki mwishoni ni zinki oksaidi ileile. Ukiimwaga mto Themi, sehemu yake itayeyuka, na zinki ikizidi huwaumiza samaki. Heri ibandikwe kwenye kioo au mchanga, maji yapite, unga ubaki.

"Jua tunalo la kutosha." Tunalo, lakini titani dioksaidi hula miale ya urujuanimno tu, ambayo haifiki hata sehemu moja kwa kumi ya nguvu ya jua linalotufikia. Na Julai, na wingu lile la Mlima Meru? Ndiyo sababu wengine huichanganya na naitrojeni, ipokee na mwanga wa kawaida.

Kuna pia wanaokijaribu kichocheo kwa chupa ya maji yenye rangi ya buluu; rangi ikipotea, wanashangilia. Lakini siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, haina rangi ya kukuonyesha kuwa imeondoka. Na hata ikipotea kwenye kipimo, vipande vyake vinaweza kubaki majini, vingine vikiwa na sumu; lazima upime kaboni yote ya ogani iliyosalia.

Na floraidi ya majini, ile inayotupaka meno kahawia? Hiyo haivunjiki kwa mwanga wowote, hakuna cha kuvunja. Kwayo bado tunategemea mkaa wa mifupa ya ng'ombe.