Bipola na simu: yanayosemwa na yaliyopo

Anayeishi na bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha mtu kwa vipindi, siku hizi hakosi kuambiwa apakue programu ya simu ya kuandika hisia zake. Leo ni daktari, kesho ni shemeji aliyeisikia mahali. Ushauri wenyewe si mbaya. Kinachoharibu ni maneno yanayofuatana nao.

“Bipola ni kucheka asubuhi na kulia jioni, kwa hiyo rekodi kila saa.”

Kila binadamu ana asubuhi na jioni zake. Bipola huja kwa vipindi: mania (kuchangamka kupita kiasi) kwa kawaida huchukua wiki nzima au zaidi, sonona (huzuni nzito isiyoondoka) wiki mbili au zaidi, na ile mania nyepesi angalau siku 4. Rekodi moja kwa siku inatosha. Anayejipima kila saa ataishia kuona dalili katika kila foleni ya daladala na kila ugomvi wa sebuleni. Kinachosomwa ni mwelekeo wa siku kadhaa. Na kama ningeruhusiwa kufuatilia kitu kimoja tu, ningeacha hisia na kuchukua usingizi: mtu aliyelala kidogo sana usiku wa pili mfululizo, kisha akaamka na nguvu tele na mipango kumi, ameshasema mengi kabla hujamuuliza anajisikiaje.

“Bila simujanja ya bei huwezi.”

Emil Kraepelin, daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, alichora mienendo ya wagonjwa wake kwa karatasi na rangi zaidi ya miaka 100 iliyopita. True Colours, mfumo wa kufuatilia hisia wa Chuo Kikuu cha Oxford, nao ulianza kwa ujumbe mfupi wa kawaida: swali linaingia, mgonjwa anajibu kwa namba. Kitochi kinaweza. Daftari la shule pia.

“Simu inajua kabla yako.”

Hapa pana ukweli uliotiwa chumvi. Watafiti wa Michigan, Marekani, wamechunguza sauti za wagonjwa wakati wa kupiga simu. Wenzao wa Chicago walitengeneza BiAffect, programu inayoangalia kasi ya kuchapa na jinsi mtu anavyofuta makosa, bila kuhifadhi maneno yenyewe. Idadi ya simu zilizopigwa, umbali uliotembewa na muda wa kioo kuwaka vimeonekana kwenda sambamba na hali ya wagonjwa. Lakini hayo huonekana vizuri kwa kundi. Kwa mtu mmoja simu hubahatisha, na mashine hiyo haitoi utambuzi wa ugonjwa.

Kwetu kuna vurugu zaidi. Simu moja hutumiwa na mama na watoto wawili. Laini ni mbili, bando limekwisha Alhamisi, umeme umekatika. Ukimya wa simu hiyo si sonona. Mwezi wa Ramadhani usingizi wa nyumba nzima hugawanyika kwa ajili ya daku, na programu isiyojua hivyo itapiga kengele bure. (Anayetumia lithiamu, dawa ya bipola, na anataka kufunga amwone daktari kwanza, kupungukiwa maji mwilini huweza kuipandisha dawa hiyo kwenye damu hadi kiwango cha hatari.)

“Ukijifuatilia, ugonjwa haurudi.”

Dhana hii ndiyo iliyofanyiwa majaribio ya kweli, na majibu yake hayapendezi wauzaji wa programu. Huko Copenhagen, Denmark, kundi la watafiti Maria Faurholt-Jepsen na Lars Vedel Kessing liliunda mfumo wa MONARCA: mgonjwa anajaza kila siku hisia zake kuanzia -3 hadi +3, usingizi, dawa na mengineyo, na muuguzi anafuatilia. Jaribio la kwanza, lililochapishwa 2015, lilikuwa na wagonjwa 78 kwa miezi 6. Dalili hazikupungua kuliko kwa wenzao wasioutumia, na kulikuwa na mwelekeo wa sonona kuendelea zaidi. La pili, 2020, lilikuwa na wagonjwa 129 kwa miezi 9. Dalili zilibaki zilezile. Waliotumia simu walisema maisha yao yana nafuu na msongo umepungua, ila hatari ya kuingia katika kipindi cha sonona ilikuwa kubwa zaidi kwao.

Huenda kuulizwa kila jioni “umehuzunika kiasi gani?” kunamfanya mtu aikodolee macho huzuni. Mimi sisomi hapo kwamba programu zitupwe. Nasoma kwamba grafu haimezwi badala ya dawa, na kwamba anayeona kujaza kunamzamisha ana haki ya kuacha na kumwambia daktari wake.

“Mume au mke ndiye ashike nywila.”

Kuchungulia kwa siri huvunja imani upesi. Njia nzuri ni makubaliano yanayoandikwa mgonjwa akiwa mzima: nani ataona rekodi, na wapige simu wapi namba za hisia zikipanda. Mania inapokolea, mwenyewe mara nyingi haoni tatizo lolote. Kuhusu kampuni, soma masharti: mwaka 2023 BetterHelp, kampuni ya Marekani ya ushauri nasaha mtandaoni, iliamriwa kulipa dola milioni 7.8 kwa kuwapa watangazaji taarifa za wateja wake. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, lakini taarifa ikishavuja hairudi.

Yapo pia ya kutoandikwa popote kwanza. Mawazo ya kujiua, au usiku kadhaa bila usingizi, hayasubiri grafu wala tarehe ya kliniki. Mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.