Je, wajua? Mashine inayopima putresini haiioni putresini

Perege wa Mtera wakishushwa soko la Majengo, Dodoma, mnunuzi mzoefu hufunua matamvua, hubonyeza ubavu, ndipo anuse. Ubishi wa kijiweni husema kinachonuka ni putresini, kemikali inayohusishwa na uozo, na kwamba samaki asiyeoza hana hata chembe yake. La kwanza ni kweli nusu: putresini hunuka, lakini shombo kali, hasa ya samaki wa baharini, hutokana zaidi na kemikali nyingine, trimethilamini. La pili si kweli kabisa. Putresini imo karibu katika kila seli hai, ya perege, ya zabibu za Makutupora, na yako wewe unayesoma. Ni mojawapo ya poliamini, ambazo seli huzihitaji ili zikue na kugawanyika. Ludwig Brieger aliieleza mwaka 1885 akichunguza nyama iliyooza, na sifa mbaya ikaigandia. Bakteria wakishamiri, huzidi. Kwa hiyo maabara haiulizi kama ipo. Inauliza ni kiasi gani.

Hapo ndipo penye kioja. Putresini ni mnyororo wa kaboni nne wenye amini, yaani kikundi chenye nitrojeni, kila ncha. Karibu haifyonzi mwanga unaotumika kwenye vipimo vya kawaida, na kwenye elektrodi ya kaboni, ncha ya mashine inayopokea umeme, hupita kimyakimya.

Chukulia mkaguzi wa stendi ya Nane Nane anayehesabu tiketi tu, hatazami sura. Asiye na tiketi, kwake hayupo. Basi maabara huwagawia abiria tiketi: sampuli huchanganywa na kemikali iitwayo OPA pamoja na kiambata chenye salfa, na amini ya kila ncha hupata pete ya atomi inayoachia elektroni kwa urahisi; hiyo ndiyo tiketi. Safu ya kromatografia huwapanga foleni, kila aina ikitoka kwa wakati wake. Ikigusa elektrodi, mkondo wa umeme hupanda. Ukubwa wa kupanda huko ndio kiasi. Putresini, kwa ncha zake mbili, hushika tiketi mbili, ndiyo maana mashine hulinganishwa kwanza na myeyusho wa kiasi kinachojulikana. Na tiketi hufutika: baadhi ya pete huanza kuvunjika ndani ya dakika chache, hivyo mpimaji hukaa na saa mkononi.

Wengine hutumia kimeng'enya kinachooksidisha putresini na kutoa haidrojeni peroksaidi, kisha elektrodi ya platinamu ikahesabu peroksaidi hiyo.

Putresini nyingi peke yake haithibitishi sumu. Inayowasha watu baada ya kula samaki aliyeharibika ni histamini, amini nyingine, nayo haiondoki kwa kuchemsha.