“Alinyeshewa, Ndiyo Maana Ana Malaria”: Dhana Zinazonichosha Kila Masika

Masika yakianza tu, barua za ruhusa zinajaa sentensi moja: mtoto hakuja shule kwa sababu alinyeshewa akapata malaria. Mzazi anaandika hivyo, mwanafunzi anaeleza hivyo, na wapo walimu wenzangu wanaoipokea bila swali. Kinachonikera ni kwamba mwanafunzi huyohuyo ukimpa mtihani wa biolojia anajibu bila kusita: malaria husababishwa na vimelea vya plasmodiamu, vinavyoenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Anapata alama zote. Jioni anarudi nyumbani na kumkataza mdogo wake kucheza mvuani, asije akapata malaria.

Kwenye biolojia amefundishwa mzunguko wa maisha ya mbu. Kwenye jiografia amefundishwa masika na vuli. Kwenye afya ya mazingira ameambiwa habari za madimbwi. Masomo yote matatu yanazungumzia ugonjwa mmoja, lakini hajawahi kuketishwa akayaunganisha. Nitayaunganisha hapa, na nitakaa sana kwenye hili kabla sijagusa mengine.

Tuanze na kalenda. Mvua ikinyesha leo na maji yakatuama, mbu jike anataga. Mayai yanaanguliwa baada ya siku mbili tatu, viluwiluwi vinakua kwa takriban wiki moja, vinageuka pupa kwa siku mbili hivi, ndipo mbu kamili anaruka. Hapo zimeshapita siku kumi, pengine wiki mbili, na mbu huyo hana malaria. Lazima kwanza amnyonye mtu mwenye vimelea, kisha vimelea hivyo vikomae ndani yake hadi vifike kwenye tezi za mate. Akimuuma mtu mwingine, vimelea vinakwenda kwenye ini, vinaongezeka humo bila mgonjwa kuhisi chochote, na homa inaanza kwa kawaida siku 9 hadi 14 baadaye. Jumlisha mwenyewe. Kutoka tone la mvua hadi homa ni zaidi ya mwezi. Aliyenyeshewa Jumatatu akaanza kutetemeka Jumanne, ikiwa kweli ni malaria, aliumwa na mbu kabla hata wingu la mvua hiyo halijakusanyika. Ndiyo maana kwenye mikoa yenye masika wagonjwa huongezeka zaidi kuanzia Mei, mvua zikielekea ukingoni, si Machi zinapoanza. Tena mvua kubwa sana kwa muda mfupi hupunguza mbu, kwa sababu mafuriko husomba viluwiluwi.

Baridi nayo inasingiziwa. Wataalamu wa mbu wana kanuni ya zamani ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza: chukua joto la wastani, toa 16, kisha gawanya 111 kwa jibu ulilopata. Unapata siku ambazo plasmodiamu falsiparamu anahitaji ili akomae ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 28 ni siku 9 hivi. Nyuzi 25, siku 12. Nyuzi 20, siku 28. Nyuzi 17, siku 111, na mbu jike akiishi wiki tatu amebahatika. Yaani mahali penye baridi mbu anakufa kabla vimelea havijakomaa. Anayeniambia baridi inaleta malaria namwomba anieleze Makete, wilaya ya milimani mkoani Njombe. Kule mwezi Juni watu wanatembea na makoti mazito mchana, ukungu umefunika milima, na mvua zao si haba. Kama baridi na kulowa vingekuwa chanzo, Makete pangekuwa makao makuu ya malaria nchini. Badala yake mkoa wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria chache kabisa Tanzania, na mgonjwa akipatikana huko, jambo la kwanza la kumuuliza ni amesafiri wapi.

Asiyetaka kwenda Makete aende Zanzibar. Unguja na Pemba masika yao ni mazito, lakini kiwango cha maambukizi kilishuka chini ya asilimia 1 na kukaa huko kwa miaka mingi. Mvua haikupungua. Kilichobadilika ni vyandarua vyenye dawa, upuliziaji majumbani, na dawa mseto walizoanza kuzitumia 2003.

Naelewa dhana hii inapata wapi nguvu. Mgonjwa wa malaria anatetemeka. Anaomba blanketi la pili wakati kipimajoto kinasoma nyuzi 39 au 40, kwa sababu vimelea vimepasua chembe nyekundu za damu kwa pamoja na ubongo umeamuru mwili upandishe joto. Anayemtazama anaona baridi, kisha anatafuta baridi ilikotoka, na mvua ya jana ndiyo iliyo karibu. Kumbe baridi ile ni matokeo ya ugonjwa. Daktari Mfaransa, Laveran, aliviona vimelea hivi kwenye damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880, na daktari Mwingereza, Ross, akavikuta ndani ya mbu huko India tarehe 20 Agosti 1897. Zaidi ya karne imepita, na bado tunalaumu mvua.

Ingekuwa imani tu isiyomdhuru mtu, ningenyamaza. Lakini sikiliza mazungumzo haya, ambayo yananifikia kwa sura hiihii kila mwaka:

“Mwalimu, huyu juzi alitoka shule amelowa chapachapa, usiku joto likapanda. Nikampa dawa mseto za kaka yake zilizobaki.”

“Amepimwa, mama?”

“Apimwe ya nini, si alinyeshewa?”

Hapo pana makosa matatu. Kaka mtu hakumaliza dozi, ndiyo maana zimebaki. Dozi hupangwa kwa uzito, na watoto hawa wawili hawalingani uzito. Kubwa zaidi, hakuna anayejua mtoto anaumwa nini. Inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa ya malaria haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Wengine wanakosea kwa upande wa pili: wanasema ni baridi tu, mfunike, itapita. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye malaria hawezi kusubiri “itapita.” Anatakiwa afike kituo cha afya ndani ya saa 24 tangu homa ianze, kabla ya kufikia degedege, na akipata degedege apelekwe hospitali, si kwingineko.

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema homa ipimwe kwanza ndipo itibiwe. Kipimo cha haraka kinachukua kama dakika 15 na tone moja la damu. Pima. Hili nalirudia darasani mpaka wanafunzi wanalisema kabla yangu. Na kipimo hicho kisirudiwe wiki moja baada ya dawa ili kuona kama “imeisha.” Kinasoma protini ya vimelea, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimekufa. Aliyemaliza dozi na bado ana homa apimwe kwa hadubini.

Dhana ya mvua ina mdogo wake: “Mbu wa malaria anazaliwa kwenye mtaro mchafu.” Siku ya usafi mtaa mzima unazibua mitaro yenye maji meusi, jambo jema kabisa, halafu nyayo za ng’ombe pembeni ya bomba zinaachwa zimejaa maji maangavu. Anofelesi gambiae anapenda hasa maji hayo: ya kina kifupi, yanayopigwa jua, masafi kwa macho. Kwato za ng’ombe, alama za matairi ya trekta, mashimo ya wafyatua matofali, majaruba ya mpunga. Mwenzake, funestus, anapenda maji yanayodumu yenye majani pembeni, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamemkuta ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi kwenye bonde la Kilombero. Kwa hiyo kiangazi nacho hakimalizi malaria. Mtaro mweusi na shimo la choo ni vya mbu aina ya kuleksi zaidi, anayetukosesha usingizi na anayeeneza matende na mabusha pwani. Matairi na makopo ni ya mbu aina ya aedesi, anayeeneza homa ya dengi. Mijini anofelesi ameanza kuzoea maji machafu, hivyo simpi mtu ruhusa ya kuacha mtaro wake. Nasema tu asiishie hapo.

Wanafunzi wangu hawaniamini mpaka waone. Chukua kikombe cheupe, chuchumaa mahali ambapo kivuli chako hakiangukii majini, maana viluwiluwi vikiona kivuli vinazama, kisha chota taratibu kwenye unyayo wa ng’ombe. Subiri maji yatulie. Kiluwiluwi cha anofelesi kinalala bapa, sambamba na uso wa maji, kwa sababu hakina mrija wa kupumulia. Sasa chota kwenye shimo la maji taka: cha kuleksi kinaning’inia kichwa chini, mrija wake umegusa juu. Mwanafunzi akiona hivyo viwili kando kwa kando, hasahau tena. Wazazi wanaolalamika kwamba kazi za namna hii zinapoteza muda wa kufanya mitihani iliyopita wanisamehe: mtoto aliyekariri “anofelesi” bila kukiona kiluwiluwi chake ndiye yule anayemkataza mdogo wake kucheza mvuani.

Mengine nitayapitia haraka.

“Maembe mabichi yanaleta malaria.” Maembe yanaiva wakati wa vuli, na mbu wanaongezeka wakati huohuo. Vitu viwili vinavyotokea pamoja si lazima kimoja kiwe kimezaa kingine. Osha embe, ule.

“Mbu anaweza kueneza UKIMWI.” Hapana. Virusi hivyo haviongezeki ndani ya mbu, vinameng’enywa pamoja na damu, na mbu anapouma anaingiza mate yake, hakurudishii damu ya mtu aliyemuuma kabla.

“Maji meupe ni salama.” Hii inaniudhi karibu sawa na ile ya mvua, hasa kipindupindu kinapoingia. Vimelea vya kipindupindu havionekani kwa macho, havina harufu wala rangi. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu mtaa wa Broad Street, London, daktari John Snow aligundua kwamba mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, alikuwa akiletewa maji ya pampu ya Broad Street kwa sababu aliyapenda ladha yake. Akayanywa, akafa. Ladha nzuri haikumsaidia. Maji yachemke mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na yachotwe kwa kikombe chenye mpini. Nimeona watu wanachemsha maji vizuri halafu wanatumbukiza mkono mzima kwenye ndoo.

“Desemba kuna joto kwa sababu jua limekaribia.” Kweli, mwanzoni mwa Januari dunia inakuwa karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai inakuwa mbali, milioni 152. Wanafunzi wakiisikia hiyo wanashangilia kwamba wamepatia. Basi Ulaya ingekuwa na joto Januari, na haina. Chanzo ni mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23.5, ndio unaoamua ni upande gani jua linaupiga wima. Dar es Salaam jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Simamisha kijiti uwanjani saa sita na ushee mchana siku hizo uone kivuli kinavyopotea.

“Radi inavutwa na vioo na nguo nyekundu.” Radi hutafuta njia rahisi ya kufika ardhini, kwa kawaida kitu kirefu kilichosimama peke yake. Watu wanafunika vioo ndani ya nyumba, halafu watoto wanajikinga mvua chini ya mwembe uwanjani. Toka chini ya mti. Ingia kwenye jengo au gari lililofungwa, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukitaka kujua iko mbali kiasi gani, hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, gawanya kwa 3, umepata kilomita.

“Mimea inapumua usiku tu, usilale nayo chumbani.” Mimea inapumua mchana na usiku. Mchana inafanya na usanisinuru, yaani inajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo oksijeni inayotoka inazidi inayotumika. Oksijeni ambayo chungu kimoja cha maua kinatumia usiku haifikii hata kidogo ile anayotumia mtu mnayelala naye.

“Mamlaka ya Hali ya Hewa inadanganya.” Utabiri wa msimu unaosema mvua za “wastani hadi juu ya wastani” unazungumzia jumla ya msimu mzima kwenye eneo kubwa, ukilinganishwa na wastani wa miaka mingi. Hausemi kwamba kwako itanyesha Alhamisi. Wingu la radi linaweza kulowesha Mbezi yote na Kigamboni wakaanika nguo. Mkulima anayetaka kujua shamba lake limepata kiasi gani apime mwenyewe: chupa ya plastiki iliyonyooka ya lita moja na nusu, ikatwe shingo, shingo igeuzwe iwe faneli, ndani yawekwe kokoto chache na maji mpaka pale chupa inapoanza kunyooka. Hapo pawekwe alama ya sifuri, na rula ibandikwe kuanzia hapo. Isimamishwe mbali na paa na miti, isomwe saa 3 asubuhi kila siku, kisha maji yarudishwe kwenye alama. Siku ambayo haikunyesha, iandikwe sifuri.